Béla Bartók: Mtunzi aliyewasikiliza akina nyanya

Kila mwaka, muhula wa pili unapowadia, madarasa ya shule zetu za hapa Kiriaini hugeuka kuwa kumbi za muziki. Saa kumi jioni, ukungu unapoteremka kutoka milima ya Nyandarua na kufunika mashamba ya chai, utasikia kwaya ya watoto ikirudia ubeti mmoja mara ishirini, mwalimu akigonga dawati kwa rula ili mapigo yasipotee. Ni maandalizi ya tamasha za muziki ambazo nchi hii imekuwa nazo tangu miaka ya 1920, na sijamwona mwalimu asiyetamani kwaya yake ifike fainali za kitaifa.

Mimi si mwalimu wa muziki. Kazi yangu ni isimu, na wanafunzi wangu huwaona wanamuziki kuwa watu wenye bahati kwa sababu hawatahiniwi fonolojia. Hata hivyo niliwahi kuimba katika kwaya kama hizo, na kisa kimoja cha utotoni ndicho kilichonisukuma, miaka mingi baadaye, kuyasoma maisha ya mtunzi wa Hungaria ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Kenya.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu, mtu mwema ambaye simtaji jina, alitafuta wimbo wa kienyeji ili aupange kwa sauti nne. Nikampeleka kwa nyanya yangu mzaa mama, aliyesifika kijijini kwa gitiro, ule wimbo wa wanawake ambamo pande mbili hujibizana kwa mafumbo na vijembe katika sherehe za mahari. Nyanya akaimba, mwalimu akaandika. Baada ya majuma sita tulikuwa na wimbo wenye sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, ulionyooka kama barabara mpya ya lami. Siku ya wazazi nyanya aliketishwa mstari wa mbele. Tulipomaliza, umati ulipiga makofi na yeye akapiga. Jioni nilimuuliza ameuonaje wimbo wake. Alisema ulikuwa mtamu sana, kisha akataka kujua tulikuwa tukiimba kwa lugha gani.

Nilicheka. Nilidhani uzee umemziba masikio. Ilinichukua miaka kumi na mitano na shahada mbili kutambua kwamba masikio yaliyozibwa hayakuwa yake.

Sasa tumgeukie huyo Mhungaria. Jina lake ni Béla Bartók, ingawa kwao husema Bartók Béla, maana Wahungaria hutanguliza jina la ukoo. (Alama iliyo juu ya irabu katika majina yao haionyeshi mkazo, kama wengi wanavyodhani, bali urefu wa irabu. Mkazo wao daima huangukia silabi ya kwanza ya neno, jambo litakalotufaa mbele.) Alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós. Babake alikuwa mkuu wa shule ya kilimo. Mamake, Paula Voit, alikuwa mwalimu. Alikuwa mtoto wa maradhi. Upele ulimwandama hadi umri wa miaka mitano hivi, akawa anajificha machoni pa watu. Lakini akiwa na miaka minne tayari aliweza kuchopoa kwenye piano, kwa kidole kimoja, nyimbo zipatazo 40.

Baba alifariki mwaka 1888, mvulana akiwa na miaka saba, na mjane akalazimika kuhamahama na watoto wawili akifuata vituo vya kazi. Walimu wasomao safu hii hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Mjini Nagyszőlős, mwaka 1892, Béla alipiga piano mbele ya hadhira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 11, na miongoni mwa aliyoyapiga ulikuwamo utunzi wake mwenyewe kuhusu mto Danube. Baadaye familia ilitulia Pozsony. Ukitazama ramani ya leo utaona ajabu: mji aliozaliwa umo Rumania, mji wa tamasha lake la kwanza umo Ukraine, na Pozsony ndiyo Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Utoto mzima wa mtunzi mkuu wa Hungaria umebaki nje ya Hungaria. Jambo hili lilikuja kumletea taabu kubwa.

Mwaka 1899 alijiunga na Chuo cha Muziki cha Budapest, akafundishwa piano na István Thomán, aliyekuwa mwanafunzi wa Liszt. Siku hizo Hungaria ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Austria, na vijana wengi walichemka kwa uzalendo. Bartók naye alichemka. Alivaa mavazi ya kitaifa, akawakaripia watu wa nyumbani waliopenda kuzungumza Kijerumani, na mwaka 1903 akatunga muziki wa okestra uitwao Kossuth, kwa heshima ya kiongozi wa mapinduzi ya 1848. Ndani yake aliukejeli wimbo wa taifa wa Austria kwa kuupotoa. Wanamuziki kadhaa Waaustria katika okestra ya Budapest walikataa kuupiga.

Lakini huo uhungaria wake ulikuwa wa aina gani? Kimuundo ulikuwa mtindo wa Kijerumani uliovishwa kilemba. Kile ambacho yeye na wenzake walikiita muziki wa kitaifa ni nyimbo za mikahawa ya mjini, zilizotungwa na watu wenye uwezo na kupigwa na bendi za Waroma. Wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, hakuna aliyewauliza wanaimba nini.

Mwaka 1904, akiwa mapumzikoni mashambani, alimsikia kijakazi mmoja kutoka Transilvania, Lidi Dósa, akiimba chumba cha pili. Wimbo ule haukufanana na chochote alichofundishwa. Alimwomba aurudie, akaunakili, kisha akamwomba mwingine na mwingine. Mara nyingi wasifu wa watu mashuhuri hutiwa chumvi katika mahali kama hapa, lakini kwa Bartók ushahidi umo katika kazi yenyewe: kuanzia hapo mwelekeo wake ulibadilika, na haukurudi tena ulikokuwa.

Mwaka uliofuata alikutana na Zoltán Kodály, mtunzi kijana kama yeye. Nawaomba wanafunzi wa isimu wamtazame vizuri Kodály, kwani tasnifu yake ya udaktari, ya mwaka 1906, ilihusu muundo wa beti katika nyimbo za jadi za Hungaria. Yaani mmoja wa waasisi wa muziki mpya wa nchi hiyo aliingilia mlango wa lugha. Wawili hao walitwaa fonografu ya Edison, ile mashine ya pembe na silinda za nta, wakaenda vijijini. Mwaka huo huo wa 1906 walichapisha kijitabu cha nyimbo 20 kwa ajili ya watu wa mjini, na watu wa mjini hawakukijali.

Kazi ya nyanjani ilikuwa ya sulubu. Mashine ilisafirishwa kwa mkokoteni. Silinda moja ilibeba dakika chache tu, kwa hiyo ubeti wa nne au wa tano ulipotea mara nyingi. Wanawake wazee, ambao ndio waliokuwa na nyimbo kongwe kabisa, waliona haya kuimba mbele ya bwana aliyetoka mjini, wakahisi huenda anawachezea. Bartók hakuwa mtu wa porojo. Alikuwa mfupi, mwembamba, mkimya, mwenye macho makubwa. Lakini alikuwa na subira, na hatimaye waliimba. Kila wimbo aliuwekea jina la mwimbaji, umri wake, kijiji na tarehe. Leo tunawafundisha wanafunzi wetu wa fasihi simulizi kufanya hivyo na wengi wao husahau tarehe.

Mwaka 1907, katika eneo la Csík huko Transilvania, aligundua kwamba nyimbo kongwe za Kihungaria zimejengwa juu ya ngazi ya sauti tano, si saba. Walimu wetu wanaifahamu ngazi ya namna hiyo kutokana na nyimbo nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka huo huo aliajiriwa kufundisha piano katika chuo alichosomea. Alifundisha piano hadi mwaka 1934 na hakukubali kamwe kufundisha utunzi. Aliamini utunzi haufundishiki. Mimi sikubaliani naye, ila namwelewa.

Niruhusu sasa, msomaji, nikae kidogo mahali ninapopajua. Bartók alizigawa nyimbo alizokusanya kwa vigezo ambavyo mwanaisimu yeyote angevisalimu: idadi ya silabi katika mstari, mahali mstari unapotulia, na uhusiano wa mapigo na maneno. Katika nyimbo kongwe aliona kwamba mwimbaji haongozwi na mapigo ya sawasawa. Anaimba kama anayesema. Sauti inakawia pale neno linapokawia na inakimbia pale neno linapokimbia. Katika zile mpya zaidi, zenye mapigo ya mwendo wa dansi, aliona jambo la kuvutia zaidi: pigo lilelile hurefuka au hufupika kulingana na silabi iliyolikalia, kwa maana Kihungaria hutofautisha irabu ndefu na fupi. Wimbo unaichukua lugha kwanza, ndipo unapojinyoosha.

Ili kuona uzito wa jambo hili, chukua neno letu la barabara. Weka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, utapata njia ya magari. Uhamishe hadi ya tatu kutoka mwisho, utapata sawasawa, hasa, vizuri kabisa. Sasa mtungie mtoto wimbo ambao pigo zito linaangukia silabi isiyo yake, na utakuwa umemfundisha kupotosha Kiswahili kwa furaha. Nyimbo za namna hiyo tunazo nyingi mno, za kanisani na za kampeni.

Bartók hakuliacha jambo hilo katika daftari za utafiti. Mwaka 1911 alitunga opera yake ya pekee, Ngome ya Bluebeard, yenye wahusika wawili tu wanaoimba. Mwandishi wa maneno yake, Béla Balázs, aliyaandika kwa mistari ya silabi nane, kipimo cha tendi fupi za Kihungaria. Mwalimu wa ushairi atatabasamu hapa, kwa kuwa mizani nane ndiyo ukwapi na ndiyo utao wa shairi letu la jadi la mizani kumi na sita. Kabla yake, opera nyingi zilizoimbwa Budapest zilikuwa za kigeni, na tafsiri za Kihungaria zililazimishwa kuvaa muziki uliokatwa kwa kiwiliwili cha Kijerumani au cha Kiitalia. Bartók aliufuata mkondo wa sentensi ya Kihungaria, inayoanza kwa uzito na kushuka. Waamuzi wa mashindano waliikataa opera hiyo, wakasema haichezeki. Ilisubiri hadi Mei 1918 ndipo ikapanda jukwaani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno usasa, ambalo katika nchi zetu limechosha watu. Tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, tumekuwa na wanajadi upande mmoja na wanausasa upande wa pili, na kila upande umeamini kwamba mshairi akiachana na vina basi ameachana na wazee. Muziki wa Bartók unaitwa wa kisasa, na kweli ulitisha wengi. Katika Allegro barbaro ya mwaka 1911 piano inapigwa kama ngoma. Katika kwarteti zake sita za fidla mbili, viola na chelo, alizozitunga kati ya mwaka 1908 na 1939, utasikia sauti zinazogongana bila kupatanishwa, uzi unaovutwa hadi ukapiga ubao kwa mlio wa kofi, na mapigo ya saba, ya tano na ya tisa yanayoyumba kama mtu anayeshuka mteremko wenye matope. Wahakiki wa siku hizo waliandika kana kwamba mtu ameivunja nyumba ya baba yake.

Ukweli ni kinyume. Migongano ile aliipata kwa kuzipanga wima, kwa pamoja, zile sauti ambazo wakulima waliziimba moja baada ya nyingine. Mapigo yanayoyumba aliyakuta katika dansi za Balkani, hususan za Bulgaria. Hata ule muziki wake wa usiku, aliouanza katika mwaka 1926 kwa piano na ambao sasa ni kama saini yake, haukutoka katika nadharia yoyote: ni vyura, wadudu na upepo wa tambarare za Hungaria, na katikati yake filimbi ya mbali. Mara ya kwanza niliposikia kipande hicho nilikumbuka usiku wa kwetu, ukingoni mwa Mathioya, mvua za Aprili zinapokatika. Huo ndio uliokuwa usasa wake, na sioni kwa nini usiitwe ujadi.

Kwa walimu nitaongeza hili. Kati ya mwaka 1926 na 1939 aliandika vipande 153 vya piano katika vitabu sita viitwavyo Mikrokosmos. Vya kwanza vinaweza kupigwa na mtoto aliyejifunza kwa wiki chache, vya mwisho ni vya mabingwa. Sehemu ya kazi hiyo aliijaribu kwa mwanawe wa pili, Péter. Humo mtoto haanzi kwa nyimbo nyepesi kisha akatishwa na za kisasa ukubwani. Anakutana na ngazi ya sauti tano na mapigo ya Bulgaria humohumo katika kujifunza, na wala hashtuki.

Bartók hakubaki kwa Wahungaria peke yao. Alikusanya maelfu ya nyimbo za Waslovakia na Warumania, akajifunza lugha zao ili aweze kuandika maneno yao. Mwezi Juni 1913 alivuka bahari hadi Biskra, Aljeria, pamoja na mkewe wa kwanza, Márta, akarekodi Waarabu wa pale wakiimba na kupiga ngoma. Alikusudia kurudi Afrika, ila vita vya 1914 vikafunga njia. Mlio wa ngoma za Biskra umo katika kwarteti yake ya pili, aliyoimaliza mwaka 1917. Na mwaka 1936 alikwenda Uturuki, akafuatana na mtunzi Ahmed Adnan Saygun hadi kwa wahamaji wa kusini.

Kisha siasa ikamfuata. Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 uliinyang'anya Hungaria takriban theluthi mbili za eneo lake. Watu waliojeruhiwa hivyo hawakutaka kusikia kwamba Warumania nao wana nyimbo nzuri, na Bartók alipochapisha utafiti wake juu ya nyimbo hizo alishambuliwa magazetini kama msaliti. Huko Rumania nako, baadaye, alishukiwa kuwa mpenyezaji wa madai ya Hungaria. Yule kijana aliyekuwa akiwakaripia wasemao Kijerumani alikuwa amebadilika. Mwaka 1942, dunia ikiwa katika vita vya wazimu wa damu safi, aliandika kwamba nyimbo hustawi kwa kuchanganyika, na kwamba ukuta ukijengwa kati ya jirani na jirani hunyauka pande zote mbili. Hakuyasema hayo kwa huruma tu. Alikuwa na silinda za nta za kuthibitisha.

Hakuwa malaika, hata hivyo. Aliwadharau wanamuziki wa Kiroma wa mjini, akaona kana kwamba wameuharibu muziki wa wakulima, ilhali wao pia walikuwa wana wa nchi wenye jadi yao. Alitafuta kilicho kikongwe na kisichoguswa, na mara nyingine mtafuta kongwe hukosa kuona kinachozaliwa mbele yake. Nadhani angefika kwetu angeipenda gitiro na kuikunjia uso mwomboko, kwa kuwa mwomboko una kodiani ya Mzungu. Na hapo angekosea, maana ile karing'aring'a ya chuma inayogongwa pembeni yake haikuletwa na Mzungu yeyote.

Kazi zake pia zilikumbwa na marufuku. Ngoma yake ya jukwaani, Mandarini wa Ajabu, yenye wahuni, kahaba na mauaji, ilionyeshwa Cologne mwezi Novemba 1926. Ilizua zogo kubwa. Ikaonyeshwa mara moja tu, kisha meya akaipiga marufuku. Meya huyo alikuwa Konrad Adenauer, ambaye baada ya vita alikuja kuwa Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi.

Sasa nirudi kwa nyanya. Katikati ya miaka ya 1930, Bartók alipokuwa akihamia Akademia ya Sayansi ya Hungaria ili kuziratibu nyimbo zake, mjini London mwanafonetiki Lilias Armstrong alikuwa ameketi na mwanafunzi mmoja Mwafrika, akimwomba atamke maneno ya Gikuyu tena na tena huku akiandika kupanda na kushuka kwa sauti. Mwanafunzi huyo alikuwa Jomo Kenyatta. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake juu ya fonetiki na toni za Gikuyu kikachapishwa mwaka 1940. Humo umo uthibitisho wa kile ambacho nyanya alikijua bila kitabu: Gikuyu ni lugha ya toni. Sauti ikipanda pale ilipopaswa kushuka, neno linakuwa neno jingine, au linakuwa si neno kabisa.

Mwalimu wetu aliandika noti ambazo alifunzwa kuzisikia. Alipopanga sauti nne, besi ilifuata njia ya besi na sauti ya pili ikafuata njia yake, kama zinavyofanya katika tenzi za kizungu, na kila moja ikayabeba maneno yaleyale kwa toni tofauti. Kati ya wale wanne, pengine mmoja alisema Gikuyu. Mapigo nayo yalikuwa yamenyooshwa, kwa hivyo kile kijembe kilichokuwa kikikawia kidogo kabla ya kuchoma kilikuja kwa wakati kama basi la serikali. Nyanya hakuwa amezeeka masikio. Alikuwa ametoa maelezo sahihi ya kisayansi.

Si kwamba haiwezekani. Huko Uganda, Joseph Kyagambiddwa aliandika kitabu juu ya muziki wa Kiganda kilichochapishwa New York mwaka 1955, kisha akatunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda iliyoimbwa Roma mwaka 1964, walipotangazwa kuwa watakatifu. Humo muziki umeota katika Kiganda chenyewe. Baada yake Justinian Tamusuza aliandika kwarteti ya nyuzi ambayo Kronos Quartet ya Marekani iliirekodi katika albamu ya mwaka 1992, na fidla zile zinazungumza kama ala za Buganda. Hata wimbo wetu wa taifa, wa mwaka 1963, ulichipuka kutoka bembelezi la Wapokomo. Kinachokosekana katika kwaya zetu ni hatua ile ya kwanza: kukaa na mwimbaji kwa muda mrefu kuliko unavyokaa na karatasi.

Bartók alilazimika kuacha karatasi zake nyingi nyuma. Aliwachukia Wanazi tangu mwanzo, na serikali ya kwao ilipozidi kuelemea upande wao, kilichomzuia kuondoka ni mamake mzee. Paula alifariki Desemba 1939. Mwezi Oktoba 1940 Bartók na mkewe wa pili, mpiga piano Ditta Pásztory, walisafiri kwenda Marekani. Wasia aliouacha unaagiza kwamba pasiwe na mtaa wala uwanja wa Hungaria utakaopewa jina lake maadamu Budapest ingali na viwanja vyenye majina ya Hitler na Mussolini.

New York ilimpokea kwa heshima kubwa na pesa kidogo. Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa udaktari wa heshima, kisha kazi ya utafiti: kunakili nyimbo za Waserbia na Wakroati zilizorekodiwa na Milman Parry. Walimu wa fasihi simulizi wanamjua Parry, yule aliyetuonyesha namna mtambaji wa tendi anavyotunga papo hapo. Bartók alinakili nyimbo 75, na katika hizo nyingi ni za wanawake. Kwa hiyo mzee huyu, katika mji wa majumba marefu, akiwa amevaa visikizio, alikuwa amerudi tena kwa akina nyanya wa vijijini. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1951, yeye akiwa hayuko.

Maradhi yaliyokuja kujulikana kuwa lukemia yalianza kumla. Mwaka 1943 uzito wake ulikuwa umeshuka hadi kilo 40 hivi. Marafiki wawili, mpiga fidla Joseph Szigeti na kiongozi wa okestra Fritz Reiner, walijua kwamba hatapokea sadaka, wakamshawishi Serge Koussevitzky wa Boston amwagize kazi ya dola 1,000. Koussevitzky aliipeleka hospitalini mwenyewe. Katika miezi ile ya nafuu isiyotarajiwa Bartók alitunga Konserto ya Okestra, iliyopigwa Boston tarehe 1 Desemba 1944 na ambayo leo hupigwa duniani kuliko karibu kazi zake zote. Kisha akaanza konserto ya tatu ya piano, awe amemwachia Ditta kitu cha kumlisha. Alipofariki tarehe 26 Septemba 1945, zilikuwa zimebaki pau 17 za mwisho. Tibor Serly alizijaza. Mazikoni hawakuhudhuria watu wengi, wapata kumi. Mwaka 1988 mabaki yake yalirejeshwa Budapest, akazikwa upya kwa heshima za taifa.

Silinda zake zipo. Mtu anaweza leo kuyasikiliza masikio yake yakifanya kazi: sauti ya bibi kizee wa mwaka 1907, mikwaruzo ya nta, na pembeni noti zilizoandikwa, zikafutwa, zikaandikwa upya miaka ishirini na mitano baadaye kwa sababu aligundua kwamba alikosea pambo dogo.

Nyanya yangu alifariki nikiwa chuoni mwaka wa pili. Sikuwahi kumrekodi. Ninazikumbuka beti tatu za ile gitiro, maneno yote, lakini nikijaribu kuziimba hutoka kwa ile sauti ya pili niliyofundishwa, imenyooka, nami siwezi tena kusikia yeye alipandia wapi na alishukia wapi.